Mkataba Hufunga Deni, Haumfungi Mtu

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya watumishi wa umma na walimu.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo husemwa kwa sauti ya chini katika vyumba vya walimu na katika korido za ofisi zetu, lakini ni nadra kusemwa mbele ya mkutano. Jambo lenyewe ni hili: mtu aliyesomeshwa na mwajiri wake, na ambaye kwa ajili hiyo alitia saini kwamba atamtumikia mwajiri huyo kwa miaka kadhaa, afanye nini anapotaka kuacha kazi kabla ya miaka hiyo kutimia? Mkataba wa namna hiyo unaitwa rasmi mkataba wa dhamana ya utumishi. Sisi makazini tumezoea kuuita bondi, na kwa kuwa neno hilo limekwisha kuwa letu, nitalitumia.

Juu ya bondi zimeenea imani mbili, na zote mbili ni potofu. Wako wanaoamini kwamba bondi ni pingu. Kwamba aliyetia saini hana haki ya kuondoka hata nyumba ikiungua, na kwamba akithubutu atafuatwa na polisi. Wako wengine wanaoamini kwamba bondi ni karatasi tu ya kutishia watoto. Kwamba ukishapata barua ya kazi mpya unafunga mizigo usiku, unabadili namba ya simu, na mambo yamekwisha. Wa kwanza hukaa mahali wasipopataka, wakifundisha kwa kinyongo. Wa pili huondoka vibaya, kisha miaka ikipita hushangaa kuona jina lao limewatangulia kila waendako. Shabaha yangu leo ni kuonyesha kwamba ukweli uko katikati, na kwamba unaweza kuelezwa kwa maneno machache: mkataba hufunga deni, haumfungi mtu.

Kabla ya kwenda mbali, hapana budi tutenganishe mambo manne ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni notisi, yaani taarifa ya kuacha kazi. Hiyo inamhusu kila mwajiriwa, awe na bondi au asiwe nayo. La pili ni mkataba wa muda maalumu, ambamo mwajiri na mwajiriwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba kazi ni ya miaka miwili au mitatu. La tatu ndiyo bondi yenyewe, ambayo huongezwa juu ya mkataba wa kazi na kusema: mimi nitakugharimia masomo, nawe utanitumikia muda fulani, na usipotimiza utalipa kiasi fulani. La nne ni mkopo wa elimu ya juu. Mkopo huo ni deni baina ya mwanafunzi na Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Unamfuata mtu katika kila ajira, na hauhusiani hata kidogo na kubaki au kuondoka kwake kwa mwajiri fulani. Nimewasikia walimu wakisema hawawezi kuhama shule kwa sababu wanadaiwa mkopo wa chuo. Huko ni kujifunga kwa kamba ambayo hakuna aliyeifunga.

Niongeze pia kwamba nitakayoyasema yanahusu sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ajira na za utumishi wa umma, na ndugu zetu wa huko hawana budi kuzisoma hizo.

Sasa tujiulize: je, bondi ni dhuluma? Mimi nasema kwamba kwa asili yake si dhuluma. Halmashauri inapomtoa mwalimu mmoja wa hesabu kwenda chuo kikuu kwa miaka mitatu, fedha inayomlipia haikuokotwa barabarani. Imetokana na kodi ya mkulima wa pamba na ya mama anayeuza maandazi. Tena gharama si fedha peke yake. Vipindi vya mwalimu yule hubebwa na wenzake waliobaki, ambao nao wangependa kusoma. Watoto wa darasa lile hukaa miaka mitatu wakisubiri mwalimu aliye bora zaidi. Iwapo siku anayorudi na shahada ndiyo siku anayoandika barua ya kuacha kazi, basi kuna watu waliotoa na hawakupata kitu, nao hawakuulizwa.

Swali la mtu aliyesomeshwa anawiwa nini na waliomsomesha si geni katika nchi yetu. Mwezi Oktoba mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu mjini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300 miongoni mwao. Siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu anaweza kuhitilafiana na hatua zile. Lakini funzo moja limebaki: anayedai wajibu kwa mwingine sharti aanze kuukubali wajibu wake mwenyewe. Funzo hilo linamhusu mwajiri mwenye bondi kama linavyomhusu mwajiriwa aliyetia saini.

Hata hivyo, ikiwa deni ni halali, haimaanishi kwamba mdeni ni mali ya mtu. Katika historia yetu tumekwisha kuuona utaratibu ambao mfanyakazi alikuwa mali. Chini ya sheria ya kikoloni ya mabwana na watumishi, iliyotungwa Tanganyika katika miaka ya 1920, mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya muda wake hakuhesabiwa kuwa amevunja mapatano; alihesabiwa kuwa mhalifu, na aliweza kutozwa faini au kufungwa gerezani. Manamba wa mashamba ya mkonge wa Tanga na Morogoro walilijua jambo hilo vizuri kuliko wanasheria. Kutoroka shamba kulikuwa kosa, hata kama chakula kilikuwa kibovu na nyumba ilikuwa zizi.

Utaratibu huo tuliukataa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 25, inapiga marufuku kazi ya shuruti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, inaifanya kazi ya shuruti kuwa kosa la jinai katika kifungu chake cha 6, na inaingiza ndani ya maana ya maneno hayo ile kazi ya utumwa wa deni. Ni mizani iliyogeuzwa: zamani mhalifu alikuwa yule anayeondoka, leo mhalifu ni yule anayemlazimisha mwenziwe abaki.

Kutokana na hayo linapatikana jibu la swali la kwanza. Je, mwalimu mwenye bondi anaweza kuondoka? Anaweza. Mahakama zinazofuata mapokeo ya sheria tuliyorithi hazina desturi ya kumwamuru mtu arudi darasani akafundishe asipotaka, kwani kazi ya mtu haitengani na nafsi yake. Mwajiri hawezi kumpeleka polisi kwa sababu tu ya kuvunja bondi. Anachoweza kudai ni fidia. Basi linabaki swali la pili, nalo ndilo zito: fidia kiasi gani?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana hutazama tarakimu iliyoandikwa katika mkataba na kudhani imekwisha kuwa hukumu. Sivyo. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961 kuchukua nafasi ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza walikuwa wakiitumia hapa. Kwa sababu hiyo vifungu vyake vingi ni ndugu wa vile vya India. Kifungu cha 74 kinasema kwa ufupi hivi: mapatano yakitaja kiasi cha kulipwa pindi yanapovunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Tuyapime maneno hayo vizuri. Kiasi kilichoandikwa ni dari. Fidia inaweza kuwa chini ya dari, lakini haiwezi kupanda juu yake. Na kilicho chini ya dari lazima kiwe cha haki, si cha kumkomoa mtu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu amesomeshwa kwa gharama ya shilingi 12,000,000, na ametia saini kutumikia miezi 36 baada ya masomo. Ametumikia miezi 27, imebaki miezi 9. Bondi inasema akiondoka wakati wowote atalipa shilingi 12,000,000 zote, na juu yake mshahara wa mwaka mzima. Hoja ya mwalimu huyu ni nyepesi kueleweka: robo tatu ya utumishi nimekwisha kuitoa, iliyobaki ni robo, na robo ya 12,000,000 ni 3,000,000. Mshahara wa mwaka mzima unalipa hasara gani, wakati mshahara huo niliupata kwa kufanya kazi? Sisemi kwamba kifungu kinataja hesabu hii. Nasema kwamba ni hoja yenye mashiko, na mwajiri anayetaka zaidi ya hapo hana budi kuonyesha kwa nini zaidi ya hapo ni haki.

Kwa upande mwingine, mtu asidhani kwamba mahakama husubiri tu kuzifuta bondi. Tarehe 14 Mei 2025 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliamua shauri la benki moja ya umma, Vijaya Bank, dhidi ya aliyekuwa ofisa wake. Masharti ya ajira yalimtaka atumikie miaka mitatu au alipe rupia 200,000. Alijiuzulu mwaka 2009 kabla ya miaka hiyo kutimia ili ajiunge na benki nyingine, akalipa fedha hiyo huku akipinga, kisha akashitaki arudishiwe. Mahakama ya jimbo la Karnataka ilimpa haki. Mahakama ya juu ikageuza uamuzi. Ilisema sharti lile halikumzuia kufanya kazi kwingine, bali lilimtaka alipe tu. Kwamba benki ya umma hulazimika kutangaza nafasi na kushindanisha watu upya kila mmoja anapoondoka, jambo lenye gharama. Na kwamba kiasi kile hakikuwa kikubwa kupita kiasi kwa mtu wa cheo na mshahara wake. Hukumu za India hazizibani mahakama zetu, lakini kwa kuwa vifungu ni ndugu, mawakili wetu huzisoma. Somo lake ni kwamba bondi ya kiasi, yenye muda mfupi na sababu ya kweli, husimama.

Na watumishi wa umma wana jambo moja zaidi la kuangalia. Kifungu cha 74 cha India kina upekee wake: mtu anayetoa dhamana chini ya sheria, au kwa amri ya serikali, ya kutimiza wajibu wa umma, akiivunja hulipa kiasi chote kilichotajwa bila kupunguziwa. Kifungu hicho hicho hufafanua kwamba si kila anayeandikiana mkataba na serikali huwa kwa hilo tu amechukua wajibu wa umma. Kwa hiyo mtumishi wa serikali asitembee na hesabu ya mwalimu wa shule binafsi mfukoni mwake. Aipeleke bondi yake kwa wakili au kwa mwanasheria wa chama chake cha wafanyakazi, na swali la kwanza la kumwuliza liwe hili: bondi yangu imetolewa chini ya sheria gani?

Ndugu zangu, nakuja sasa kwenye njia ambazo mtu anayetaka kuondoka anazo. Naziona njia tano.

Njia ya kwanza ni kutimiza. Watu hucheka nikiitaja, lakini mara nyingi ndiyo iliyo rahisi kuliko zote. Mwenye miezi minne iliyobaki na kazi mpya inayoweza kungoja hana haja ya kutafuta wakili. Amwandikie mwajiri mpya, aombe angoje. Mwajiri anayemtaka mtu mwaminifu hatachukizwa kusikia kwamba mtu huyo anatimiza ahadi zake.

Njia ya pili ni mapatano. Mkataba uliofungwa kwa ridhaa ya wawili hufunguliwa kwa ridhaa ya wawili. Mwajiri anaweza kukubali kulipwa sehemu, au kulipwa kidogo kidogo, au kumwachilia mtu bila malipo kwa sababu ya ugonjwa au ya mwenzi wa ndoa aliyehamishiwa mbali. Katika utumishi wa umma mara nyingine dawa ni uhamisho, wala si kujiuzulu. Na panapo uhamisho, mtumishi aulize kwa maandishi kama miaka yake ya bondi itahesabiwa huko aendako. Lolote litakaloafikiwa liandikwe na kutiwa saini na mwenye mamlaka. Neno la mdomo la mkuu wa shule haliwezi kumlinda mtu siku mkuu mwingine atakapokuja.

Njia ya tatu ni kulipa. Dawa ya deni ni kulipa. Anayelipa apate stakabadhi, na juu ya stakabadhi apate barua inayosema kwamba hadaiwi tena. Wakati mwingine mwajiri mpya hukubali kulipa kwa niaba yake. Hiyo ni njia halali, ila mtu asome vizuri asije akatoka katika bondi moja na kuingia katika nyingine iliyo kali zaidi.

Njia ya nne ni kuondoka kwa sababu mwajiri ndiye aliyevunja mkataba. Asiyelipa mishahara kwa miezi kadhaa, au aliyeahidi kumlipia mtu karo akamwacha nusu ya njia, hana uso wa kudai utumishi kamili. Sheria ya mwaka 2004, katika kifungu cha 36, inatambua kwamba mwajiri anayeifanya kazi isivumilike huhesabiwa kuwa yeye ndiye aliyemwachisha mtu. Lakini njia hii si ya kila mwenye malalamiko. Si kila ukali wa mkubwa ni uvunjaji wa mkataba. Anayeitaka njia hii awe na ushahidi: barua alizoandika kulalamika, tarehe, hati za mishahara. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ni vivyo hivyo.

Njia ya tano ni kuipinga bondi yenyewe. Mkataba husimama juu ya ridhaa iliyo huru. Ikiwa mtu alisomewa bondi baada ya kukaa kazini miaka miwili, akaambiwa atie saini siku hiyo hiyo au afukuzwe. Ikiwa mafunzo yaliyotajwa hayakutolewa kamwe. Ikiwa kiasi kinachodaiwa hakina uwiano wowote na gharama iliyotumika. Hapo kuna hoja. Anaweza kuondoka kwa utaratibu na kusubiri adaiwe, kisha ajitetee. Anaweza pia kulipa akiandika wazi kwamba analipa huku akipinga, ili mlango wa kudai usifungwe.

Kuna mlango mwingine ambao si njia, nao ni utoro. Kwa mtumishi wa umma utoro ni kosa la nidhamu linaloweza kumfukuzisha kazi, na aliyefukuzwa hayuko sawa na aliyejiuzulu. Kwa mwajiriwa wa shirika au shule binafsi, utoro humpa mwajiri dai la pili juu ya lile la kwanza.

Hii inanileta kwenye notisi. Kwa mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi, kifungu cha 41 cha sheria ya mwaka 2004 kinataka notisi isiyopungua siku 28, iwe ya maandishi na yenye sababu. Mkataba unaweza kutaja muda mrefu zaidi, lakini muda huo lazima uwe sawa kwa pande zote mbili. Mwajiri hawezi kumdai mwalimu miezi sita huku yeye mwenyewe akijiwekea mwezi mmoja. Notisi haitolewi mtu akiwa likizoni, wala haiendi sambamba na likizo. Mwajiriwa anayekataa kufanya kazi katika siku za notisi anaweza kukatwa, katika malipo yake ya mwisho, ujira wa siku hizo. Aliye katika mkataba wa muda maalumu akumbuke kwamba, kwa Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, notisi peke yake haimtoi: ama mwajiri awe amevunja mkataba kwa kiasi kikubwa, ama wakubaliane kuufupisha. Na mtumishi wa serikali ana kanuni zake za kudumu, ambazo hazina budi kusomwa kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Je, mwajiri anaweza kujikatia deni la bondi katika mshahara wa mwisho? Kifungu cha 28 kinakataza makato yoyote isipokuwa yanayoruhusiwa na sheria, mapatano ya pamoja, amri ya mahakama au uamuzi wa usuluhishi, au yale ambayo mwajiriwa ameyakubali kwa maandishi kwa ajili ya deni. Kwa hiyo mtazame kama katika bondi yenu kuna mstari unaoruhusu makato. Wengi wametia saini mstari huo bila kuuona.

Na vipi kuhusu vyeti? Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu ni ugonjwa ulioenea. Wako waajiri, hususan wenye shule binafsi, ambao hutwaa vyeti halisi vya walimu na kuvifungia kabatini mpaka muda wa bondi wakwishe. Vyeti vya mtu ni vya mtu. Mwajiri ana haki ya kuviona na kuchukua nakala. Kuvizuia ili mwenyewe asiweze kwenda kokote ni kurudi kwa mlango wa nyuma kwenye sheria ya mabwana na watumishi. Shirika la Kazi la Kimataifa huhesabu kuzuia hati za mtu kuwa mojawapo ya dalili za kazi ya shuruti. Aidha, kifungu cha 44 kinamtaka mwajiri ampe anayeondoka malipo yake anayostahili na hati ya utumishi. Hati hiyo si zawadi ya kupewa mtu mtiifu.

Pakitokea mgogoro, uko mahali pake. Mwajiriwa wa sekta binafsi, na hata mwajiri wake, hupeleka shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo huanza kwa kuwapatanisha kabla ya kuamua. Lakini saa inakwenda: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Mtumishi wa umma, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, hutakiwa kwanza amalize ngazi zilizomo ndani ya sheria ya utumishi wa umma. Walimu wa serikali wana Tume yao ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Na vyama vya wafanyakazi, ambavyo tunavikatia ada kila mwezi, havikuundwa kwa ajili ya sherehe za Mei Mosi peke yake. Mwanachama mwenye bondi ana haki ya kuingia ofisini mwao na kusema: nisaidieni kuusoma mkataba huu.

Ndugu Mwenyekiti, nikiacha hapa nitakuwa nimewafundisha watu jinsi ya kutoka bila kuwafundisha jinsi ya kuingia. Kabla ya kutia saini, mtu aulize maswali haya: Gharama halisi ni kiasi gani, na imeandikwa? Muda unaanza siku gani, ya kuanza masomo au ya kurudi? Deni linapungua kadiri ninavyotumikia, au linabaki lile lile mpaka siku ya mwisho? Nikiugua, nikishindwa mitihani, au nafasi yangu ikifutwa, itakuwaje? Na nakala yangu iko wapi? Mtu asiyepewa nakala ya mkataba alioutia saini hana mkataba, ana uvumi.

Kwa waajiri nami nina neno. Bondi inayopungua kila mwezi humpa mtu sababu ya kubaki. Bondi isiyopungua humpa sababu ya kutoroka mapema. Tena jiulizeni kwa nini watu wenu wanataka kuondoka. Tumeona mtu akisomeshwa takwimu kwa miaka miwili kwa fedha ya umma, akarudi na kuwekwa masjala kupanga mafaili. Huyo mkimfunga kwa bondi mtakuwa mmehifadhi kiti chake tu, wala ujuzi wake hamtaupata. Wajibu wa kutumikia una mwenziwe, nao ni wajibu wa kutumiwa ipasavyo.

Nawe mwalimu au mtumishi uliyesomeshwa, na unayewaza kuondoka, nakuambia hivi. Sheria inakupa mlango, na usikubali mtu akwambie kwamba haupo. Lakini upite mlango huo mchana, umetoa notisi, umekabidhi madaftari ya darasa na funguo za ofisi, na umelipa unachodaiwa kwa haki. Fedha uliyoirudisha inaweza kumsomesha mwingine anayengoja zamu yake. Ukiitoroka, gharama haimpati yule mkubwa uliyemkasirikia. Inampata mwalimu kijana aliyejaza fomu ya kwenda masomoni mwaka huu, akaambiwa kwamba hawasomeshi tena mtu, kwa sababu wa mwisho waliyemsomesha hakurudi.